Mashua Juu ya Barabara: Kanuni za Kukokota Mzigo Mzito Katika Nyanda za Juu Kusini

Maji ya Ziwa Nyasa hufika Bahari ya Hindi kwa njia ya mto Shire na mto Zambezi, lakini maporomoko ya mto Shire huzuia chombo kusafiri moja kwa moja kutoka baharini hadi ziwani. Kwa sababu hiyo, mashua iliyoundwa pwani, ikihitajika Itungi au Matema, hapana budi isafiri nchi kavu. Safari hiyo kutoka Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilomita 900. Hupita Morogoro na Mikumi, hupanda mlima Kitonga, hupita Iringa, Mafinga na Makambako, kisha Uyole karibu na Mbeya. Kutoka Uyole barabara huvuka milima ya Poroto, hupita chini ya mlima Rungwe na kuteremka Tukuyu hadi Kyela.

Chombo hicho huwekwa juu ya tela na kukokotwa na gari. Kwa mtazamaji wa kando ya barabara jambo hili huonekana kuwa la nguvu tu: gari likiwa na injini kubwa, safari itafanikiwa. Ukweli sivyo ulivyo. Injini huamua kama mzigo utapanda mlima, bali kunyooka kwa tela barabarani na kusimama kwake kwenye mteremko huamuliwa na mambo mengine mawili: mahali mzigo ulipowekwa, na kasi ya gari linapoanza kuteremka. Mambo hayo mawili yaweza kupimwa kwa hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

Umuhimu wa hesabu hizo si wa darasani peke yake. Miteremko ya Kitonga, Inyala, Iwambi na Mbalizi inajulikana na kila dereva wa barabara hii. Mwaka 2018 ajali kadhaa zilizofuatana katika miteremko ya Mbeya ziliua watu wengi. Mashua iliyo juu ya tela inatawaliwa na kanuni zile zile zinazolitawala lori la mbolea au basi la abiria.

Vyombo vilivyovuka nchi kavu zamani

Tatizo la kupeleka chombo katika maziwa yetu makuu lilitatuliwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukivunja chombo vipande vipande. Meli inayoitwa leo Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha hayo yalisafirishwa hadi Dar es Salaam, yakapelekwa Kigoma kwa reli, na meli ikaungwa upya huko. Iliingia Ziwa Tanganyika mwaka 1915 kwa jina la Goetzen. Kwa njia hii hakuna mzigo mmoja unaozidi uwezo wa mabehewa au wa wapagazi, lakini kazi ya kuunga upya ni kubwa na huhitaji mafundi wengi.

Njia ya pili ni kukipeleka chombo kizima. Mwaka huo huo wa 1915 Waingereza walisafirisha motaboti mbili, Mimi na Toutou, kila moja ikiwa na urefu wa mita 12 hivi, kutoka Cape Town hadi Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa ya reli na ya mto. Hata hivyo, kutoka Fungurume katika Kongo zilikokotwa nchi kavu mwendo wa kilomita zaidi ya 200 kupita milima ya Mitumba. Mashine za mvuke zilisaidiwa na ng'ombe, na mahali pakali zilitumiwa kamba na kapi zilizofungwa kwenye miti. Madaraja mengi yalijengwa njiani. Motaboti hizo zilifika salama, na mwezi Desemba 1915 zikaingia ziwani.

Leo gari moja na tela moja hufanya kwa siku chache kazi iliyochukua majuma mengi wakati ule. Lakini uzito wa chombo na ukali wa mlima havikubadilika. Kilichobadilika ni kasi, na kasi ndiyo iliyoleta hatari mpya.

Somo la mkokoteni

Kabla ya kulizungumzia tela, ni vyema kumtazama msukuma mkokoteni katika soko la Iringa au la Mbeya. Anapopakia magunia ya viazi hayarundiki yote nyuma ya magurudumu, kwa maana mikono ya mkokoteni itainuka na kumnyanyua. Wala hayarundiki yote mbele, kwa maana mikono itamlemea. Huyapanga hadi mikono imwelemee kidogo tu. Bila kutaja jina la kanuni, amesawazisha momenti kuzunguka ekseli.

Tela la mashua hufuata kanuni hiyo hiyo. Tuchukue mfano wa tela ambalo pamoja na mashua yake lina kilo 3,000. Kwa kurahisisha hesabu, magurudumu yachukuliwe kuwa kwenye ekseli moja, na kiungo cha tela na gari kiwe mita 5 mbele ya ekseli hiyo. Kitovu cha uzito kikiwa nusu mita mbele ya ekseli, uzito unaokilemea kiungo ni:

3,000 × 0.5 ÷ 5 = kilo 300

Hiyo ni asilimia 10 ya uzito wote. Mapendekezo ya watengenezaji hutofautiana kwa aina ya tela, lakini kwa kawaida huwa kati ya asilimia 5 na 15.

Sasa mwenye mashua, akitaka kuitumia nafasi iliyobaki, anapakia kilo 400 za nanga, minyororo, matanga na madebe ya rangi. Anaviweka tezi, yaani upande wa nyuma wa mashua, mita 3 nyuma ya ekseli. Mzigo huo hukiinua kiungo kwa:

400 × 3 ÷ 5 = kilo 240

Kiungo hubakiwa na kilo 60 tu, ilhali uzito wa tela umefikia kilo 3,400. Kutoka asilimia 10 uzito wa mbele umeshuka hadi chini ya asilimia 2. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Mashua imefungwa vizuri, matairi yamejaa upepo, na gari linaondoka bila shida. Kasoro itajitokeza njiani.

Tela linapotikisika

Tela lililounganishwa na gari hufanana na timazi iliyolala: likisukumwa upande mmoja, hurudi, hupita katikati na kwenda upande wa pili. Uzito ukiwa mbele ya ekseli kwa kiasi cha kutosha, na kasi ikiwa ya wastani, msuguano wa matairi hupunguza mpepesuko huo hadi ukaisha. Uzito ukiwa nyuma, au vitu vizito vikiwekwa mbali katika ncha zote mbili, kila mpepesuko huwa mkubwa kuliko uliotangulia. Kwa kila gari na tela lake ipo kasi ambayo juu yake mpepesuko hauishi wenyewe. Upakiaji mbaya huishusha kasi hiyo, na huenda ikawa chini ya mwendo wa kawaida wa barabarani.

Kinachoanzisha mpepesuko ni kitu kidogo: shimo barabarani, basi linalopita kwa kasi, au upepo wa ubavuni. Makambako panajulikana kwa upepo wake mkali, na ubavu wa mashua ni ukuta mpana unaoupokea upepo wote. Ndiyo sababu mlingoti na foromali hulazwa na kufungwa, na tanga haliachwi juu hata kama limekunjwa.

Dereva anapoona tela limeanza kuyumba, silika humwambia akanyage breki kwa nguvu au azungushe usukani kinyume cha tela. Matendo yote mawili yaweza kuongeza hatari. Breki za gari zikishika ghafla, tela huendelea mbele kwa inesha yake, hulisukuma gari kwa nyuma na kulikunja. Lifaalo ni kuuweka usukani wima, kuachia mafuta polepole na kuacha kasi ipungue. Kwenye mteremko hilo ni gumu zaidi, maana mvutano wa dunia hauruhusu kasi kupungua yenyewe. Kwa hiyo dawa ya kweli ni ile iliyotumika kabla ya safari, wakati wa kupakia.

Maji ya ngama

Wahenga wa pwani husema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ni sehemu ya chini ya chombo ambamo maji hukusanyika, na msafiri wa barabara anapaswa kuikumbuka kama mvuvi. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini. Mashua iliyo wazi, ikinyeshewa, huwa beseni.

Maji yakisimama kwa wastani wa kina cha sentimita 10 katika ngama yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita moja na nusu, ujazo wake ni 0.1 × 4 × 1.5, sawa na mita za ujazo 0.6. Hizo ni lita 600, yaani kilo 600. Mzigo huo haukuandikwa popote, na haukufungwa kwa kamba yoyote. Gari linapopanda mlima maji hukimbilia tezi na kukiinua kiungo. Linapoteremka hukimbilia omo na kukilemea. Kwa hiyo kizibo cha ngama hufunguliwa kabla ya safari na hubaki wazi mpaka siku ya kuishusha mashua, ambapo mwenye kukisahau atajuta kwa namna nyingine.

Mashua ya mbao ina jambo lake pia. Katika ukavu wa nyanda za juu mbao hupoteza unyevu na kusinyaa, na kalafati hulegea katika viungo. Chombo kilichokuwa hakivuji Bagamoyo chaweza kuvuja siku ya kwanza Matema. Hapo lazima kilowekwe karibu na ufuko hadi mbao zivimbe, ndipo kipakiwe watu.

Kupanda

Kutoka bonde la Ruaha Mbuyuni barabara hukwea Kitonga kuelekea Ilula na Iringa. Hapa injini hupambana na sehemu ya uzito inayovuta kurudi nyuma. Tuchukue gari la kilo 2,600 lenye tela la kilo 3,400, jumla kilo 6,000, katika mwinuko wa mita 8 kwa kila mita 100. Kani inayovuta kurudi chini ni:

6,000 × 9.8 × 0.08 = newtoni 4,700 takriban

Gari lenyewe bila tela lingevutwa kwa newtoni 2,000 hivi. Injini inafanya kazi zaidi ya maradufu, na inapoendelea juu hewa yenyewe huwa hafifu. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 uzito wa hewa katika ujazo ule ule umepungua kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko pwani. Injini isiyo na pampu ya kusukuma hewa hupata oksijeni pungufu kwa kiasi hicho na hupoteza nguvu. Tena maji yaliyo wazi huchemka huko kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Mfuniko wa rejeta hufungwa kwa kubana ili kuinua kiwango hicho. Ukiwa umechakaa, maji yatachemka njiani, na mwenye kuufungua rejeta ikiwa moto ataungua.

Hata hivyo, kosa la kupanda mara nyingi hulipwa kwa kusimama kando ya barabara. Kosa la kushuka hulipwa kwa gharama nyingine.

Kushuka

Kila mita iliyopandwa imewekwa akiba kama nishati, na akiba hiyo hurudishwa yote kwenye mteremko. Tuchukue mteremko wa kilomita 5 wenye ukali ule ule wa mita 8 kwa 100. Anguko lake ni mita 400. Nishati inayotolewa na gari na tela lake ni:

6,000 × 9.8 × 400 = juli milioni 23.5

Nishati hiyo yatosha kuchemsha lita 70 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, upepo na matairi huchukua takriban robo yake. Robo tatu, yaani juli milioni 18 hivi, lazima ziende mahali pengine. Safari ya mteremko huo huchukua dakika saba na nusu, au sekunde 450, kwa hiyo joto hutolewa kwa kiasi cha kilowati 40. Ni kama kuwasha pasi za umeme 40, za wati 1,000 kila moja, ndani ya magurudumu.

Tuseme chuma chote cha breki za gari na tela kina kilo 60. Kilo moja ya chuma huhitaji juli 450 hivi kupanda nyuzi moja. Kama nishati hiyo yote ingeingia katika breki bila kupoa, joto lingepanda kwa:

18,000,000 ÷ (60 × 450) = nyuzi 670 takriban

Kwa kweli breki hupoa kiasi kwa upepo, na joto halifiki hapo lote. Lakini madhara huanza mapema zaidi. Bitana za breki zikipata joto kali msuguano wake hupungua, na dereva hulazimika kukanyaga kwa nguvu zaidi. Majimaji ya breki yakichemka hutoa mapovu ya mvuke. Majimaji hayabanwi kwa urahisi, bali mvuke hubanwa, na pedali huzama hadi chini bila kushika. Dereva husema breki zimekufa. Kwa lugha ya sayansi, breki zimepewa nishati kwa haraka kuliko zinavyoweza kuitoa.

Yapo matela ambayo breki zake hujishika zenyewe pale tela linapolisukuma gari. Kwenye tambarare mpango huo ni mzuri. Kwenye mteremko mrefu tela husukuma wakati wote, hivyo breki zake hushika mfululizo na huweza kuungua bila dereva kujua.

Dawa inajulikana tangu zamani: gia ndogo, iliyoingizwa kabla ya kuanza kuteremka. Katika gia ndogo magurudumu huizungusha injini kwa haraka, na msuguano pamoja na kazi ya kusukuma hewa ndani ya silinda hula nishati ambayo ingeliwa na breki. Injini ikichukua nusu tu ya ile ziada, ongezeko la joto katika hesabu yetu hushuka hadi nyuzi 335. Breki hutumiwa kwa vipindi vifupi ili zipate nafasi ya kupoa. Kuweka gia huru ili kuokoa mafuta ni kuzibebesha breki mzigo wote peke yake.

Kasi ya kuanzia nayo ina uzito wake. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: gari lililo katika kilomita 80 kwa saa lina nishati mara nne ya lile lililo katika kilomita 40. Atakayeuanza mteremko kwa kasi kubwa akitumaini kuipunguza mbele ameshatumia sehemu ya uwezo wa breki kabla ya mteremko wenyewe kuanza.

Kufunga na kufika

Breki zikishika vizuri, swali huwa kama mashua nayo itasimama. Gari likipunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, mashua na shehena yake ya kilo 2,700 huhitaji kuzuiwa kwa kani ya newtoni 13,500, sawa na uzito wa kilo 1,400 hivi. Kamba inayoizuia mashua isiende mbele sharti iweze kubeba kiasi hicho. Mkuku wa mashua nao hulazwa juu ya vitako vilivyo imara, uzito usiachiwe ubavu wa mbao nyembamba.

Ufukoni ipo hatari ya mwisho, iliyo ndogo ila ya kawaida. Vikombe vya magurudumu huwa vya moto baada ya safari. Vikitumbukizwa ziwani papo hapo, hewa iliyomo hupoa na kusinyaa, na maji hufyonzwa ndani ya beringi. Kutu huanza siku hiyo, na tela huharibika katika safari nyingine. Kungoja magurudumu yapoe hakugharimu chochote.

Majaribio ya darasani

Wanafunzi waweza kutengeneza kigari cha waya au cha mbao na tela lake, na kutumia mawe madogo kama shehena. Kigari kiteremshwe juu ya ubao ulioinamishwa, kwanza mawe yakiwa mbele ya ekseli ya tela, kisha nyuma. Kila mara tela liguswe kidogo ubavuni, na mpepesuko wake uangaliwe. Kiungo cha tela chaweza kupimwa kwa mizani ya sokoni kabla ya kila jaribio, na matokeo yaandikwe katika jedwali.

Zoezi la hesabu ni hili. Mwenye mashua wa mfano wetu bado anataka kuchukua kilo zake 400. Aziweke wapi ili kiungo kibebe asilimia 10 ya kilo 3,400? Kiungo kinatakiwa kubeba kilo 340, na tayari kina 300, kwa hiyo zinahitajika 40 zaidi. Umbali kutoka kwenye ekseli ni 40 × 5 ÷ 400, yaani nusu mita kuelekea mbele. Shehena haikupunguzwa hata kilo moja. Imesogezwa mita tatu na nusu tu. Kazi hiyo ni ya watu wawili kwa muda wa nusu saa, nayo hufanyika Dar es Salaam, mahali ambapo ardhi ni tambarare na kosa bado linaweza kusahihishwa.